Mlango Nyuma ya Benchi

Benchi letu liko katika mtaa wa Albert, hapa Élisabethville, mahali ambapo njia ya kwenda kanisani inakutana na njia ya kwenda sokoni. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili yaliyojaa mawe. Nililiweka mimi mwenyewe, mwezi wa pili wa mwaka huu wa 1954, mbele ya mlango wa bluu wa nyumba yangu, ule unaotazama njia. Mlango huo ulikuwa hautumiki tena. Mimi naingia na kutoka kwa mlango wa uani. Waliokaa kwenye benchi waliuegemea, na rangi ya bluu ilikuwa imeanza kuhama kutoka mlangoni kwenda kwenye makoti yao. Jina langu la ubatizo ni Rigobert, lakini hapa naitwa Tata Kengele, yaani Baba Kengele, kwa sababu mimi ndiye ninayepiga kengele ya misa ya asubuhi. Sisemi sana. Wenzangu wanasema vya kutosha. Kila Jumamosi, king'ora cha kazi kikishalia saa sita, Mama Wivine anakuja na birika lake la kahawa na vikombe sita vya bati, anaweka mbabula yake, jiko la makaa, karibu na miguu yetu, na maneno yanaanza. Birika likikauka, anakusanya vikombe na maneno yanaisha. Hiyo ni sheria yake, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Jumamosi ile tulikuwa wanne, nami nikiwamo, kabla Adrien hajafika. Alikuwapo Kunda, tunayemwita Timbre, yaani stempu. Ana miaka kumi na tisa ya kubeba mafaili kutoka ofisi moja hadi nyingine, na imani yake katika muhuri ni kubwa kuliko imani ya wengine katika sakramenti. Alikuwapo Adalbert, mwashi, jina lake la benchini Matofali. Na alikuwapo Liévin, ambaye alifanya kazi mgodini Kipushi miaka mitatu na tangu hapo hajasimulia jambo lolote lililotokea mahali pengine. Yeye tunamwita Kipushi.

Adrien ni kijana wa reli. Kazi yake ni kufunga mabehewa pale stesheni. Alikuja polepole, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Eh, Adrien, ni weye? — Matofali alimwuliza. — Nilizani ni gunia ya sementi inatembea.

— Natoka Katuba na miguu, yaya, — alijibu, kama kijana anavyomwita kaka mkubwa.

— Na nyumba?

— Nyumba iko. Bibambazi inafika hapa.

Alijionyesha kiunoni, mahali kuta zilipofikia.

— Na paa?

— Mwenye lupango, mwenye ile uwanja, anasema paa iko njiani.

— Inatoka wapi?

— Hakusema. Alisema tu nilipe miezi tatu mbele.

— Ili paa isipotee njia, — alisema Mama Wivine, akamjazia kikombe.

Adrien alikaa kati yangu na Timbre, ubao ukalia. Alikuwa ametafuta siku sita. Kila jioni, baada ya kazi, alikwenda mtaa mmoja, na kila aliporudi alituletea habari hapa kwenye benchi kama mvuvi anayeonyesha wavu mtupu.

— Na ile ya mutaa ya Kenya? — aliuliza Kipushi. — Ya ule baba wa miwani?

— Anataka bapangaji bila mutoto, bila moto, na bila kukohoa.

— Bila kukohoa?

— Anasema bibambazi yake iko mwepesi.

— Na ile ya karibu na soko?

— Ile iko muzuri kabisa. Iko na sementi chini. Iko na dirisha. Bei yake ni nusu ya mshahara.

— Nusu si mubaya.

— Nusu ya mshahara ya makanika, yaya. Miye nafunga tu mabehewa.

Shida yenyewe tuliijua wote. Adrien na mke wake Delphine wanapanga chumba kimoja, cha mlango mmoja, ng'ambo ya njia. Delphine ana mimba ya miezi minane. Mama yake, ambaye anakaa upande wa Bukama, alituma barua kwamba anakuja kumpokea mtoto. Sasa, kwa watu wa kwao kama kwa watu wa kwetu, mwanamume halali chini ya paa moja na mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, mmoja wao anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kijijini hilo si tatizo, majani ni mengi. Hapa mjini tunalala wanne katika chumba cha hatua nne, na majani tuliyafyeka.

Adrien hajawahi kumwona mama huyo. Delphine alilelewa hapa mjini kwa mjomba wake, na mahari aliipokea mjomba.

— Soma tena ile barua, Tata Kengele, — alisema Timbre. — Karatasi haiishi kwa kusoma mara moja.

Adrien aliitoa katika kofia. Niliisoma polepole, kama nilivyofundishwa.

«Mtoto wangu Delphine. Nitakuja kwa mtoto wako wa kwanza, kama mama yangu alivyokuja kwako. Nitafika siku ya Bwana. Mume wako akiwa na mahali pake pa kulala, mbali na macho yangu, nitabaki mpaka mtoto acheke. Kama munalala wote katika chumba kimoja, nitakuchukua siku ya tatu, turudi na treni, uzalie kwangu. Sitapoteza haya katika uzee wangu. Mimi mama yako Laurentine. Anayeandika ni katekista.»

— Huyu mama haiko na maneno mingi, — alisema Matofali.

— Barua ya mistari saba, — alisema Timbre, — na nilitoka jasho kama mbele ya administrateur ya serikali.

— Siku ya Bwana ni kesho, — alisema Adrien.

Alikunja barua, akairudisha ndani ya kofia na kuivaa. Kuna jambo ambalo halikuwa katika barua, kwa sababu mama yule hakulijua. Mwaka uliopita Delphine alipoteza mimba ya miezi mitano, na safari hii sista wa maternité, hospitali ya wazazi, alimwambia wazi asipande treni wala gari. Adrien alituambia mara moja tu, akiangalia viatu vyake. Hatukulizungumza tena. Tulizungumza juu ya chumba.

— Mambo ya nyumba ni karatasi, — alianza Timbre, akinyoosha koti lake lenye bluu mgongoni. — Unaingia ku ofisi. Unaomba nyumba ya byumba bibili. Banakupa formulaire. Unajaza, unabandika timbre, unangoja.

— Nilijaza, tata.

— Na?

— Balisema nirudie mu 1957.

— Voilà! Balikujibu! Kuna bantu habajibiwe hata kidogo.

— Mukwe anafika kesho.

— Kesho ya mwaka gani? — aliuliza Kipushi.

— Ngoja, — alisema Timbre, ambaye hapendi kukatwa neno. — Kosa yako uliandika bantu babili. Bantu babili, ni chumba kimoja. Batatu, banafikiri. Bane, banasimama ku kiti. Uandikishe mutoto.

— Hajazaliwa.

— Kwa karatasi anaweza kuzaliwa leo.

— Jina gani?

— Tunaandika tu «Mutoto».

— Na kama ni mapasa, batoto babili?

— Tunaongeza timbre ya pili.

Matofali alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Alipomaliza kujifuta, aliona zamu yake imefika.

— Munapoteza wakati na wino. Munipe nyundo na saa mbili. Natoboa mulango ya pili mu kibambazi ya nyuma. Mukwe anapita huku, Adrien anapita kule. Habaonane mpaka siku ya hukumu.

— Nyuma ya kibambazi yangu, — alisema Adrien, — iko analala mupolisi na bibi yake.

— Utapita pole pole.

— Weye Matofali, — alisema Mama Wivine bila kuinua macho kutoka kwenye mbabula, — ile mulango ulitoboa kwa Mama Edith, ilifungukia wapi?

— Ile ilikuwa kosa ya kamba ya kupimia.

— Ilifungukia mu choo.

— Lakini ilifunguka!

— Mu choo ya jirani.

— Mama, miye ni mwashi. Hapana nabii. Basi, tunaacha kutoboa. Tunajenga. Ukuta mumoja mwembamba katikati ya chumba. Hatua mbili ya mukwe, hatua mbili ya Adrien.

— Kitanda kinabaki upande gani? — aliuliza Kipushi.

Matofali alifikiri. Alipima hewani kwa mikono.

— Katikati. Ukuta inapita juu ya kitanda. Delphine analala kichwa kwa mama yake, miguu kwa bwana yake.

— Na mutoto akizaliwa?

— Inategemea anatokea upande gani.

Mama Wivine alimpiga kwa kitambaa cha kushikia birika. Wote walicheka na kuegemea nyuma kwa pamoja, na mlango wa bluu ukalia mgongoni mwao, kama unavyolia kila wanapocheka sana.

Hapo kicheko kilikatika. Kila mmoja aliangalia ndani ya kikombe chake.

Nilijua kwa nini. Nyuma ya mlango ule kuna chumba. Kina kitanda, meza, na dirisha dogo la uani. Kilikuwa chumba cha kazi cha mke wangu Jeanne. Alikuwa anakaanga maandazi humo asubuhi na kuyauza mlangoni, watoto wa shule wakisimama mstari mpaka kwenye kona. Alifariki wiki moja baada ya Epifania. Nilimzika, nikarudi, nikafunga mlango, nikaweka benchi mbele yake. Wenzangu hawakuniuliza. Walikuja tu kukaa. Siku sita walimtafutia Adrien chumba katika mji mzima, migongo yao ikiwa juu ya chumba, na hakuna aliyefungua kinywa. Ni watu wa kelele, lakini walinionea huruma, na huruma yao ilikuwa imefunga mlango kwa nguvu kuliko ufunguo wangu.

Nami pia sikufungua kinywa. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umefungwa kwenye uzi mmoja na rozari. Nilisali Salamu Maria tatu kwa ajili ya Adrien apate chumba, na katika zote tatu nilikuwa nimeshika ufunguo, si msalaba.

Kipushi ndiye aliyerudisha maneno.

— Ku Kipushi, — alisema, — tulikuwa batatu ku kitanda kimoja.

— Balibanana?

— Hapana! Kwa zamu. Mumoja anatoka mu mugodi, mwingine anaingia. Kitanda ile haikupoa miaka tatu. Donc basi, Adrien anaomba kazi ya usiku. Mukwe analala usiku na binti yake. Asubuhi mukwe anaenda soko, Adrien anaingia kulala. Saa kumi Adrien anatoka, mukwe anaingia.

— Na bakikutana ku mulango?

— Habawezi. Tunaweka alama. Tata Kengele iko hapa ya nini? Anapiga kengele. Moja, mukwe anatoka. Mbili, Adrien anaingia.

— Na tatu?

— Tatu ni misa.

— Parokia mzima itaingia mu chumba ya Adrien, — alisema Matofali, — na mukwe atajikuta mu altare.

— Kengele ya kanisa si ya bakwe, — nilisema. Ukiacha barua, lilikuwa neno langu la kwanza siku ile.

— Pardon, Tata. Basi tunaacha kengele. — Kipushi alikunywa, akaweka kikombe chini taratibu, macho yakang'aa. — Adrien. Pale stesheni, mabehewa ngapi inalalaka bure?

— Mingi.

— Behewa moja iko na milango ngapi?

— Mibili. Mumoja huku, mumoja kule.

Tuliona wote mahali anapokwenda, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama amefika kweli. Matofali alisimama.

— Paa?

— Ya bati!

— Ukuta?

— Ya chuma!

— Bei?

— Bure kabisa, bwana! Nyumba ya byumba bibili katikati ya mji!

— Yaya, — alisema Adrien, — mabehewa hailalake. Jioni iko hapa, asubuhi iko Sakania.

— Basi asubuhi mukwe iko Sakania.

— Bila pasi ya njia! — Timbre aliruka. — Batamufunga pale mupakani. Mama muzee, ndani ya behewa ya shaba, bila muhuri hata mumoja!

— Tunaweka Adrien ndani, mukwe anabaki.

— Na asubuhi atafanya namna gani na kazi?

— Atakuwa tayari iko ku kazi!

Kwa dakika nzima tulicheka tu. Hata Adrien alicheka, na vumbi lilimwanguka kutoka kwenye nyusi. Lakini Timbre hakupenda kushindwa na mtu wa mgodini. Alingoja kicheko kitulie, akavaa sauti ya ofisini.

— Bon. Mulisema yote, na yote ni ya bure. Chumba ni cha nini? Ni juu ya ukwe. Basi tusitafute chumba. Tusimamishe ukwe.

— Namna gani?

— Karatasi. Siku makumi tisa. «Sisi tunaosaini hapa chini tunasema kama Mama Laurentine, tangu tarehe fulani mpaka tarehe fulani, hapana mukwe ya Adrien; ni mugeni tu.» Siku ya makumi tisa na moja anarudia kuwa mukwe, saa mbili asubuhi, ofisi ikifunguka.

— Nani anasaini?

— Padri.

Wakanigeukia wote wanne.

— Padri anafungaka ndoa, — nilisema. — Kufungua hapana kazi yake.

— Basi imekwisha, — alisema Adrien.

Hakusema kwa hasira. Aliangalia ng'ambo ya njia, kwenye mlango wake mmoja, ambako Delphine alikuwa ameanika nguo ndogo nyeupe kwenye kamba.

— Siku ya tatu atamupandisha mu treni. Na Delphine hatakataa mama yake. Anasema tu, Mungu anajua. Mwaka jana pia alisema vile.

Matofali alichukua kikombe chake, akamimina nusu ya kahawa yake katika kikombe cha Adrien. Mama Wivine alitikisa birika na kulisikiliza.

— Inabaki ya kikombe kimoja, — alisema.

Ndipo alipofika mama mmoja mgeni, kutoka upande wa soko. Alikuwa mzee, mwembamba, kapu kichwani, kuku mwekundu chini ya kwapa, na harufu ya samaki wakavu ilimtangulia hatua tano. Alisimama mbele ya mbabula.

— Mujambo, ba tata. Mama, uko na kahawa?

— Ya mwisho, mama. Karibu.

Adrien alisimama mara moja. Amelelewa vizuri.

— Kaa hapa, mama. Unachoka. Lete nikushikie kuku.

— Merci, mutoto. Uko na adabu.

Alimpa kuku, akamtazama usoni, akakaa mahali pake, kati yangu na Timbre. Adrien alibaki amesimama mbele yetu, kuku mikononi, akimpapasa kichwa. Mama alikunywa kidogo kidogo. Timbre hawezi kumwona mgeni bila kumpa taarifa.

— Mama, unatukuta mu kazi kubwa. Huyu kijana tunamutafutia chumba. Cha karibu, cha bei ya mukono wake. Siku sita tunatafuta. Mukwe yake anafika kesho.

— Eh.

— Na ni mama mukali.

— Mukali namna gani?

— Mukali ya kuandika barua! — alisema Matofali. — Kama hakuna mahali pa kulala bwana, anarudi na binti yake. Na binti ni mugonjwa, mama, basista ya maternité banakataza safari.

Mama aliteremsha kikombe.

— Mugonjwa ya nini?

— Mwaka jana mimba ilitoka, — alisema Kipushi kwa sauti ndogo. — Akipanda treni, inaweza kutoka tena. Ule mama hajui.

— Hajui, — alirudia mama yule. — Hakuna muntu alimwambia?

— Ni mukwe, mama. Nani atamuambia?

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Kisha aliegemea nyuma, na mlango ukalia. Aligeuza kichwa, akautazama. Alipiga ubao kwa kidole mara mbili, kama mtu anayebisha.

— Na hapa nyuma, — aliuliza, — nani iko analala?

Lilikuwa swali dogo. Timbre, ambaye ana jibu la kila ofisi, aliangalia vifungo vya koti lake. Matofali, ambaye ana maneno kwa kila mlango, alijifuta tena suruali ambayo ilikuwa imekwisha kukauka. Kipushi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu kutoka Kipushi. Mama Wivine alipanga vikombe vilivyokuwa tayari vimepangwa.

Mama yule alingoja. Hakuwa na haraka.

— Hakuna muntu, — nilisema.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikaona nirudie, ili niwe na hakika.

— Hakuna muntu, mama. Ilikuwa chumba ya bibi yangu.

— Alikufa?

— Mu mwezi ya kwanza.

— Pole, tata. Mungu amupokee.

— Amina.

— Na tangu mwezi ya kwanza unafunga. Vumbi haiingiake?

— Inaingiaka, mama.

— Basi uko na mupangaji, — alisema. — Lakini ule hakulipi.

Sikukasirika. Jeanne angeweza kusema neno lile lile, na kwa sauti ile ile. Nilitoa mkono mfukoni, na ufunguo ukatoka na rozari yote.

— Adrien, — nilisema. — Chumba iko. Utalala hapa mpaka mutoto acheke.

Adrien alimkumbatia kuku kwa nguvu mpaka akapiga kelele.

— Tata Kengele... Bei ngapi?

— Ndoo moja ya maji ya bomba kila asubuhi. Na siku ya Bwana utanipigia kengele ya misa ya kwanza. Mabega inaniuma.

— Tuandike! — alisema Timbre, akitafuta kalamu. — Hiyo inataka karatasi, nakala mbili...

— Muzuri, — alisema mama yule. Alimaliza kahawa yake, akampa Mama Wivine kikombe, akasimama, akaweka sawa kitambaa chake. — Sasa munionyeshe njia. Nilisema nitafika kesho, lakini nilipata nafasi mu kamyo, gari kubwa ya samaki. Natafuta nyumba ya kijana wa reli, Adrien, bwana ya mutoto wangu Delphine.

Nitasema nilivyoona, ingawa mambo yalikwenda haraka na mimi ni mtu wa polepole. Mama Laurentine aliinua macho na kumwona kijana aliyeshika kuku wake. Adrien alimwona mama wa mke wake, ana kwa ana, hatua moja. Mama alivuta kitambaa chake juu ya uso wote. Adrien aliteremsha kofia mpaka kidevuni, barua ikaanguka. Alitaka kukimbia kulia, akakuta kapu la samaki. Alitaka kukimbia kushoto, akakuta mbabula na Mama Wivine akipiga kelele «Moto! Moto!» Alikuwa hana majani ya kuingia.

— Mulango! — alipaza sauti Timbre. — Mulango, Tata!

Nilisimama na ufunguo. Matofali alikamata benchi upande mmoja na kulivuta, ubao ukateleza kutoka juu ya madebe, Kipushi akiwa bado amekaa juu yake, na ubao na Kipushi walifika katikati ya njia. Ufunguo ulizunguka vizuri, lakini mbao zilikuwa zimevimba. Matofali alirudi akaupiga mlango kwa bega. Ulifunguka, na tafadhali iandikwe kwamba haukufungukia chooni. Adrien alipita katikati yetu akiwa kipofu, kofia usoni, kuku mkononi, akaingia. Nikavuta mlango nyuma yake.

Mama Laurentine alikuwa amegeukia njia, mgongo kwetu.

— Anaingia? — aliuliza.

— Anaingia, mama.

— Na kuku?

— Kuku pia.

— Muzuri. Ilikuwa yake.

Alishusha kitambaa kidogo kidogo. Sasa neno lililobaki lilikuwa la kupita kwa mtu wa katikati, kwa sababu mkwe hasemi na mkwe moja kwa moja, na mtu wa katikati nilikuwa mimi. Nilisimama shavu langu likiwa karibu na ubao wa bluu.

— Mumuulize, — alisema, — kama hapa ni mbali na kitanda ya mutoto wangu.

Nilimwuliza. Jibu lilitoka ndani, likiwa na chafya mbili.

— Hatua makumi mbili, mama, — nilimpelekea.

— Mumuambie, kama iko hatua makumi mbili, sina haja ya treni. Nitabaki. Na Delphine hatainua hata kikombe.

Nilimwambia. Ndani nikasikia mtu anakaa kitandani kwa uzito wote.

— Mumuulize tena, — alisema mama. — Pale alinipa kiti. Aliniona?

Nilipeleka swali. Adrien alijibu kutoka ndani.

— Mumuambie, — alisema, — nilikuwa na vumbi mingi mu macho. Natoka Katuba.

Nilileta jibu. Mama Laurentine aliinua kapu lake kichwani.

— Na miye natoka Bukama, — alisema. — Vumbi ya njia ile ni mubaya sana.

Akavuka njia kwenda kwa binti yake, bila kuharakisha. Tulimwona akishika zile nguo ndogo kwenye kamba, moja moja, kama zimekauka, kabla hajabisha.

Mama Wivine aligeuza birika chini juu. Halikutoka tone.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Mulete bikombe.

— Na sasa tutakaa wapi? — aliuliza Timbre. — Kuna muntu ku mulango.

Benchi lilikuwa bado katikati ya njia, Kipushi juu yake, na mtu wa baiskeli alikuwa anapiga filimbi akitaka kupita. Matofali alisema litakwenda chini ya dirisha la upande wa pili, na kwamba atapima yeye. Mama Wivine akasema apime mwingine. Waliliinua, wakaondoka nalo wakibishana.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilibisha kwa kidole, polepole.

— Adrien. Uko muzuri?

— Niko muzuri, tata. Iko giza tu.

— Fungua dirisha ya lupango, ile ya uani. Iko mukono ya kushoto, juu ya meza. Inakamata kidogo, uinue kwanza, kisha usukume.

Nilisikia akigonga meza, kisha dirisha likilia.

— Inafunguka, — alisema. — Tata Kengele?

— Naam.

— Humu ndani inanukia maandazi.

— Ndiyo, — nilisema. — Ni hapo alikuwa anakaanga.